Uvimbe Usiouma

Ndugu wasomaji, juma hili nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja mbele za watu. Ni saratani ya matiti, ambayo wengine huiita kansa. Akina mama wataniwia radhi kwa kuwa mwanamume anaandika habari hizi. Lakini kazi yangu ni kuandika vitabu vya parokia, cha ubatizo, cha ndoa na cha marehemu, na katika hicho cha mwisho nimekwisha kuandika majina ya akina mama ambao yamkini wangalikuwa hai leo. Jina moja ni la mama yangu mdogo.

Mama mdogo alikuwa mkulima hodari. Siku moja, wakati wa kupanda mahindi, alipokuwa akioga aligusa kijivimbe kigumu kwenye titi la kushoto, ukubwa wa punje ya harage. Hakikumwuma hata kidogo. Akajisemea, "Kisichouma hakina neno," akaenda zake shambani. Mahindi yakapaliliwa, yakavunwa, yakatiwa ghalani, naye hajamwambia mtu. Alimwonea haya bwana wake, akamwonea haya na mganga wa zahanati. Alipomweleza dada yake, yaani mama yangu, uvimbe ulikuwa kama limau. Jirani akaleta dawa ya majani ya kupaka, nayo ikamaliza miezi mingine minne. Tulipomfikisha hospitali, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia mifupani. Daktari hakumgombeza. Alimwuliza swali moja tu: "Mama, uliuona lini?" Akanyamaza, machozi yakamtoka.

Sisemi haya kwa kumlaumu marehemu. Kosa lake ni kosa la wengi: alidhani ugonjwa mbaya lazima uume. Jino huuma, jipu huuma, malaria humtetemesha mtu, kwa hiyo twakimbilia hospitali. Saratani ya matiti haina desturi hiyo. Chembe za mwili huanza kuongezeka ovyo pasipo kutii utaratibu wa mwili, zikafanya uvimbe. Baadaye huenea mpaka kwapani, na mwisho hufika mifupani, mapafuni na kwenye ini. Mara nyingi maumivu yakija, mgeni amekwisha kujenga nyumba.

Tazameni hesabu. Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Hapa Tanzania ni ya pili katika saratani za wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi. Katika nchi tajiri, zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100 huwa hai baada ya miaka mitano. India ni 66, na Afrika Kusini ni 40. Ugonjwa ni ule ule. Basi, tofauti yatoka wapi? Sehemu kubwa ni wakati na matibabu. Wenzetu hufika uvimbe ukiwa punje, na dawa huzipata mpaka mwisho. Wagonjwa wetu walio wengi hufika ukiwa limau, au umekwisha kupasuka na kuwa kidonda.

Tena liko jambo la umri. Huko Ulaya na Marekani wagonjwa wengi ni wazee wa miaka 60 na zaidi. Katika Afrika wengi hawajafika hata miaka 50. Sababu kubwa ni kwamba nchi zetu zina vijana wengi na wazee wachache. Kwa hiyo mama mwenye watoto wadogo asiseme, "Huo ni ugonjwa wa vikongwe." Wala asiseme, "Katika ukoo wetu haupo," maana wengi walioupata hawakuwa na ndugu aliyewahi kuugua. Kunyonyesha watoto hupunguza hatari, lakini si kufuli. Hata wanaume huupata, ingawa ni wachache sana.

Je, mtu atazame nini? Uvimbe au ugumu kwenye titi au kwapani, hata kama hauumi. Titi moja kubadilika umbo. Ngozi kubonyea, au kuwa na vitundu kama ganda la chungwa. Chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani, au kutoa damu. Kidonda au upele wa chuchu usiopona. Kila mwanamke ayajue matiti yake yalivyo siku zote, ili badiliko likija alitambue.

Lakini kujipapasa peke yake hakumponyi mtu. Kinachomponya ni safari ya hospitali baada ya hapo. Wala usiende huku umekwisha kujihukumu kufa, kwa kuwa uvimbe ulio mwingi wa matiti si saratani. Mganga atakupapasa, pengine utapigwa picha, na kwa sindano watachukua kinyama kidogo kikapimwe. Wako wasemao sindano hiyo huutawanya ugonjwa. Maneno hayo yamewazika wengi, msiyasikilize. Shirika la Afya Duniani lataka mgonjwa ajulishwe ugonjwa wake katika siku 60 tangu alipofika mara ya kwanza. Basi ukipewa dawa ya kutuliza na uvimbe ukabaki, rudi, uombe barua ya kwenda hospitali kubwa. Ocean Road ya Dar es Salaam, Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi zote hutibu saratani.

Wengi huogopa kukatwa titi. Hofu hiyo naielewa. Lakini uvimbe ukiwa mdogo, pengine daktari hutoa uvimbe tu, titi likabaki, kisha hufuata mionzi. Na hata likikatwa, mama ni yule yule. Jirani yetu mmoja alikwenda mwezi ule ule alioona badiliko. Alikatwa titi, akapata dawa, nywele zikamtoka, zikaota tena. Huu ni mwaka wa nane, na juzi alikuja ofisini kwangu kuandikisha ndoa ya binti yake.

Sasa neno kwenu, akina baba. Mke akikwambia, "Nimeona kitu hapa," usimjibu, "Ngoja tuvune kwanza." Tafuta nauli, hata kwa kuuza mbuzi, na umsindikize. Wala usimwache aliyekatwa titi kana kwamba si mkeo tena. Bwana wa mama mdogo aliniambia baada ya maziko, "Angaliniambia, ningaliuza hata ng'ombe." Nadhani alisema kweli. Lakini mkewe hakuwa na hakika, ndiyo maana alinyamaza.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Usiku wa leo, kabla ya kulala, kila baba amwambie mkewe na binti zake kwamba wakiona badiliko lo lote waseme siku hiyo hiyo, na kwamba nauli itapatikana.