NGOZI YETU (Sehemu ya 4): Si kila mguu mbovu ni fangasi

Wamama wenzangu, leo naandika kwa hasira kidogo, mnivumilie.

Wiki hii nimempokea mama wa huko deltani. Analima mpunga, na kamba wakipatikana anamenya kamba. Nyayo zimejaa vijishimo kama zimetobolewa na sindano, zinanuka. Vidole vya mikono vimepasuka. Kwenye mkoba ana tyubu tano tupu za ile krimu ya "tatu kwa moja". Kote alikopita kaambiwa neno moja tu: fangasi. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Mama, hebu vua ndala nione."

Jamani, krimu ile ina dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali. Steroidi inazima muwasho, unadhani umepona. Ukiacha, unarudi. Ukiendelea nayo, ngozi inakuwa nyembamba. Na kama kweli ni fangasi, wanasambaa kimyakimya. Halafu unarudi dukani kununua nyingine!

Vile vijishimo vya nyayoni ni kazi ya bakteria wanaokula ngozi ngumu iliyolowa. Mmoja wao, Dermatophilus congolensis, alielezwa mara ya kwanza mwaka 1915 kwa ng'ombe wa Kongo. Hawa dawa yao ni miguu mikavu na dawa ya bakteria ya kupaka.

Mikono nayo ina yake. Maji na sabuni kutwa vinaondoa mafuta ya ngozi, pumu ya ngozi inaanza, kisha bakteria aitwaye Staphylococcus aureus anaingia kwenye nyufa na kuichochea.

Kuna wanaosema ni uchafu. Nakataa! Anayesimama majini kutwa ili sisi tule wali si mchafu. Wengine wanasema kakanyaga kitu. Alichokanyaga ni maji.

Sasa fanya hivi:
– Ukitoka shambani, osha miguu, futa mpaka katikati ya vidole, vaa ndala.
– Ukishanawa tu, paka mikono mafuta mazito.
– Mtoto usimpake krimu hiyo, hasa sehemu ya nepi.
– Ukiona usaha, uvimbe unaopanda au homa, nenda kituoni siku hiyo hiyo.

Na ninyi wauzaji wa dawa, na sisi manesi pia: tuangalie kwanza, ndipo tutoe dawa. Kuangalia unyayo ni bure. Tyubu tano hazikuwa bure kwa yule mama.

Mtumie na mwenzako wa Kibiti na Rufiji. Sehemu ya 5 ni upele wa familia nzima.