Bibi Titi Hakuibuliwa na TANU

Kuna sentensi ninayokutana nayo kila msimu wa kusahihisha mitihani, na wanafunzi hawakuibuni wao, wamefundishwa. Inasema kwamba Bibi Titi Mohamed, mwanamke mwenye elimu ndogo, "aliibuliwa" na TANU mwaka 1955. Naipinga, na ninalipinga hasa neno hilo kuibuliwa.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika ukoo wenye asili ya Rufiji. Alisoma shule miaka minne tu. Lakini kabla ya kushika kadi ya TANU alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na anayedhani hiyo si elimu hajapata kumtazama manju akiwa kazini. Manju hujua ni lini waitikiaji wamechoka, nani kanuniana na nani, ubeti upi uongezwe na upi ukatwe kabla hadhira haijatawanyika. Hujua pia fedha za sare ziko kwa nani! Miaka hiyohiyo Malcolm Sargent alikuwa akiongoza okestra katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, bila kupuliza wala kupiga chombo chochote, na Waingereza walikuwa wamekwisha kumpa hadhi ya "Sir" tangu 1947. Kwao kuongoza sauti za wengine ni taaluma. Kwetu ni burudani.

Mwaka huo wa 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alifika Dar es Salaam, akawauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Ndipo Bibi Titi alipotafutwa. Naye alikwenda moja kwa moja kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya mjini, na wanachama wao wakaja nyuma yao. Katika miezi michache wanawake wakahesabika kwa maelfu. Safu ilikuwa imekwisha kupangwa. TANU iliikuta, haikuiunda.

Yaliyofuata yanajulikana: ubunge wa Rufiji, kushindwa uchaguzi wa 1965, kujiuzulu baada ya Azimio la Arusha, kesi ya uhaini ya 1970, kifungo cha maisha, msamaha wa 1972, kifo mwaka 2000. Barabara ya jijini ina jina lake.

Rufiji aliyoiwakilisha bungeni ilibeba pia Kibiti na vijiji vya delta. Huko leo kikundi cha ngoma huitwa kumlaki mgeni rasmi. Huambiwa kifupishe, hupewa soda, kisha wachezaji huketi juani wakisikiliza mada kuhusu uhamasishaji wa jamii kutoka kwa mtu ambaye kijiji hakijui hata jina lake. Aprili 2024 mafuriko yalipoyameza mashamba ya Rufiji na Kibiti, habari ya kuhama ilihitaji sauti ambayo watu wamezoea kuiitikia. Niliwahi kumuuliza ofisa mmoja kwa nini viongozi wa ngoma hawaingizwi katika kamati za maafa. Alijibu kwamba hawana vyeti.

Ninachodai ni kidogo: kila kata ya bonde la Rufiji, delta ikiwemo, impe manju mmoja kiti katika kamati hiyo, kwa jina lake na kwa posho ileile wanayolipwa wenye vyeti, kabla ya masika yajayo.