Maji moto ya gathano: kwa nini wewe ndiye unalipa kila asubuhi

Wasee wa Thika na Ruiru, tuongee kuhusu kitu kinachokula pesa zenu kimyakimya kila asubuhi: maji ya kuoga.

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya huku haina utani. Wazee wanaiita gathano. Mawingu yanakalia Ngoingwa na Membley siku nzima, jua linachungulia saa tisa kisha linatoroka. Huwezi kuoga maji baridi saa kumi na moja alfajiri halafu upande matatu ya kwenda Nairobi ukiwa mtu mzima. Kwa hivyo unawasha heta ya shawa, na tokeni inaanza kukimbia.

Jamaa zetu walio majuu wanatuambia jibu liko: pampu ya joto. Uingereza, kuanzia Oktoba 2023, serikali inatoa ruzuku ya pauni 7,500 kwa mwenye nyumba anayeng'oa boila yake ya gesi na kuweka pampu hiyo. Norwe, Uswidi na Ufini, kwenye theluji kabisa, ndizo zinaongoza Ulaya kwa idadi ya pampu hizo ukilinganisha na idadi ya nyumba. Basi swali ni rahisi: kama inafanya kazi huko, mbona isifanye Kihunguro au Makongeni?

Kwanza tuelewe mashine yenyewe. Gusa nyuma ya friji yako. Kuna joto, sivyo? Friji inatoa joto ndani ya sanduku na kulimwaga nje. Pampu ya joto inafanya kazi hiyo hiyo ikiwa imegeuzwa: inachukua joto lililo kwenye hewa ya nje na kulisukuma ndani ya tangi la maji. Heta ya kawaida inageuza uniti moja ya stima kuwa uniti moja ya joto, basi. Pampu, kwa kuwa inahamisha joto lililopo tayari, inaweza kukupa uniti tatu hivi za joto kwa kila uniti moja ya stima.

Na hali yetu ya hewa inaifaa sana. Hewa ikiwa na joto kidogo zaidi, pampu inapata kazi rahisi zaidi. Mashine inayomudu baridi ya Norwe ikiletwa kwenye asubuhi ya nyuzi 13 ya Thika, hiyo kwake ni likizo.

Sasa tuchape hesabu. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini hii haihitaji digrii.

Chukua heta ya shawa ya wati 5,500. Ukioga dakika nane kwa nguvu yote, umetumia uniti 0.73. Kwa siku 30 hizo ni uniti 22. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme uniti moja, pamoja na kodi na tozo zake, inakufikia kwa shilingi 25. Angalia ujumbe wa tokeni yako, gawanya pesa kwa uniti, uweke bei yako halisi. Kwa 25, unaoga kwa shilingi 550 kwa mwezi. Familia ya watu wanne inaoga kwa 2,200.

Kabla hatujaendelea, kuna mtego hapo ambao wengi hawauoni. Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya stima ya nyumbani ni ya yule asiyezidi uniti 30 kwa mwezi. Zamani kiwango hicho kilikuwa uniti 100. Bei mpya zilipoanza, kabla ya kodi na tozo, mtu wa chini ya 30 alilipa shilingi 12.22 kwa uniti, wa kati ya 30 na 100 akalipa 16.30, na wa zaidi ya 100 akalipa 20.97. Na daraja lako linapangwa kwa wastani wa miezi mitatu.

Sasa rudi kwenye uniti zako 22 za kuoga. Zimebaki nane za taa, simu, redio, pasi na kila kitu kingine kwenye bedsitter. Ukipitisha 30 unahamishwa daraja, na bei mpya inagusa hata uniti za taa. Ndiyo maana unaweza kuona Septemba jua limerudi, lakini tokeni bado ni chungu. Ni baridi ya Julai inakudai.

Turudi kwa pampu. Ikipunguza stima ya maji moto hadi theluthi moja, mtu wa bedsitter anaokoa shilingi 367 hivi kwa mwezi. Familia ya wanne inaokoa 1,467. Kiuhalisia ni pungufu kidogo, kwa sababu tangi linapoteza joto usiku. Tuseme mashine, tangi na fundi vinakugharimu 200,000. Hiyo ni namba ya mfano tu, weka ile utakayopewa dukani. Familia itarudisha pesa yake baada ya miaka 11 na zaidi. Wewe wa bedsitter utasubiri miaka 45. Utakuwa umestaafu, na mashine itakuwa chuma chakavu zamani sana.

Kwa hivyo mtu akikuuzia pampu ya joto ya nyumba ya mtu mmoja huku kwetu, mpe kiti, mpe chai, kisha mwambie aende.

Lakini ngoja. Huku hatukai nyumba moja moja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu karibu 490,000 Ruiru mjini, na wengi wao wanaishi kwenye ghorofa za kupanga, milango ishirini, thelathini, hamsini juu ya paa moja. Chukua ploti ya milango 20, mtu mmoja kila mlango. Maji yao ya kuoga yanakula uniti 440 kwa mwezi, yaani shilingi 11,000. Pampu moja kubwa ya pamoja ingeokoa kama 7,300 kila mwezi. Hata mtambo ukigharimu 500,000, pesa inarudi kwa miaka sita hivi. Hapo sasa ni biashara.

Mbona basi landilodi haweki? Jibu ni fupi: anayenunua mashine si yule anayelipa stima. Landilodi akiweka heta ya bei ya chini, ameokoa laki kadhaa leo. Wewe unalipa tokeni kila mwezi hadi uhame, halafu mpangaji anayekuja anaendelea pale ulipoachia. Akiweka mtambo mzuri, gharama ni yake na nafuu ni yako. Hana ubaya moyoni, anafuata hesabu yake tu. Na wewe huwezi kununua mwenyewe, kwa sababu huwezi kuhama na tangi la paa kwenye pikapu pamoja na kitanda.

Serikali iliwahi kuliona tatizo hili. Mwaka 2012 zilitoka kanuni za kupasha maji kwa jua: jengo linalohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku liweke mtambo wa sola unaotosheleza angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo kwa mwaka. Majengo yaliyokuwepo yalipewa miaka mitano. Miaka hiyo iliisha 2017. Leo panda daraja la waenda kwa miguu pale Ruiru ukiangalia mapaa, uhesabu mwenyewe. Matangi meusi ya maji yamejaa. Vioo vya sola ni vya kutafuta kwa tochi.

Na hata sola ina shida yake huku. Inakupa maji ya bure Januari, wakati ambapo ungeoga hata ya baridi. Julai mawingu yakikaa wiki nzima, heta ya stima iliyofichwa ndani ya tangi ndiyo inafanya kazi, na nafuu inayeyuka wakati ule unaihitaji. Hapo ndipo pampu inaishinda sola, maana yenyewe inataka hewa tu. Kwa mwaka mzima, hata hivyo, sola haina mpinzani kwa gharama ya kuendesha.

Sasa wewe ufanye nini? Usingoje ruzuku kama ya Uingereza. Anza na vitu vinne.

Moja, kabla ya kulipa diposti, uliza maji moto yanatoka wapi na mita ni ya nani. Keja ya 9,000 yenye maji moto ya pamoja inaweza kuwa rahisi kuliko ya 8,500 yenye heta ya shawa. Jumlisha kodi na tokeni, usiangalie kodi pekee.

Mbili, hakikisha heta iliyopo ina waya wa athi. Sehemu nyingi za Ruiru zinatumia maji ya kisima yenye chumvi, na chumvi inaua heta haraka. Ukihisi hata mshtuko mdogo kwenye bomba, zima, uite fundi wa stima. Maji moto hayajawahi kuwa na thamani ya roho.

Tatu, punguza dakika. Ndoo ya lita 20 inayotolewa nyuzi 18 hadi 40 inataka nusu uniti tu, ukilinganisha na 0.73 ya zile dakika nane za shawa. Ukioga ndoo, uniti 22 zinashuka hadi 15, na unaweza kubaki chini ya ile 30.

Nne, ongeeni kama ploti. Mpangaji mmoja akienda kwa landilodi ni kelele. Milango 20 ikienda na karatasi ya hesabu ni mteja. Mwambieni hivi: weka mtambo wa pamoja, kila mlango utaongeza 250 kwa mwezi juu ya kodi. Kwake hiyo ni 5,000 mpya kila mwezi, pesa ambayo leo hapati hata senti. Kwenu, mlikuwa mnalipa 550, sasa mtalipa 250 pamoja na kama 180 ya stima ya pampu. Kila mmoja anabaki na kitu. Kampuni za sola kama M-KOPA zilishaonyesha kwamba Mkenya asiyeweza kutoa laki mara moja analipa vizuri ukimkatia vipande vidogo kwenye simu.

Teknolojia ipo, na hewa yetu inaipenda. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha mwenye jengo kwamba baridi yenu ina pesa ndani yake. Gathano inarudi kila mwaka bila kuitwa. Ile karatasi ya hesabu iandikeni mapema, kabla ya Juni.