Mtoto asinyimwe dawa kwa sababu ya jina

Darasani kwangu yumo binti wa miaka 11 ambaye uji ukiletwa tu, kichwa chake huanza kuinama na kuinuka kama mtu anayesinzia. Wenzake humcheka, kisha huhamisha vikombe vyao. Mwaka jana mama yake alimvusha mpaka kwenda Uganda kutafuta tiba. Huko akaandikiwa kifafa, akapewa vidonge vya kila siku, na kuanguka kukapungua. Vidonge vilipokwisha akaenda zahanati moja ya huku kwetu. Mhudumu akasoma karatasi na kusema huyu si wa kifafa, ni wa ugonjwa wa kutikisa kichwa, nao hauna dawa, wasubiri watafiti. Binti akakaa miezi minne bila kidonge, akaangukia moto.

Mtoto ni yule yule, maradhi ni yale yale. Kilichobadilika ni jina.

Dalili hii si ngeni. Daktari Louise Jilek-Aall wa Norway aliikuta Mahenge, Tanzania, miaka ya 1960, akawatibu watoto hao katika kliniki yake ya kifafa. Kwetu Equatoria Magharibi ilianza kusemwa sana miaka ya 1990, wengi wetu tukiwa ukimbizini. Mimi nilikuwa Kakuma, Kenya, nikisoma chini ya turubai. Nimeikuta niliporudi mwaka 2008. Uganda ya Kaskazini nayo ikaipata, Kitgum na Pader hasa. Mwaka 2012 wataalamu walikutana Kampala wakakubaliana jina na vigezo, kimojawapo kikiwa kwamba kichwa kianze kutikisika kati ya umri wa miaka 3 na 18.

Tusiwe wakosa shukrani, jina hilo lilisaidia. Kifafa nani aliwahi kuja kukiulizia? Kutikisa kichwa ndiko kulikoleta kamera na wakubwa. Lakini jina hilo hilo likachora mstari: mtoto anayeanguka bila kutikisa kichwa akabaki nje, hata kama wanachota maji mto mmoja.

Na mto ndio wenye habari. Utafiti wa Maridi wa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya watu 4 kati ya 100 wana kifafa, wengi wakiishi karibu na bwawa, mahali wanapozaliana nzi weusi waenezao usubi. Ndiyo maana baadhi ya watafiti wanataka tuseme kifafa kinachohusiana na usubi, na kutikisa kichwa kuwe sura yake mojawapo. Jinsi minyoo hiyo inavyoleta kifafa bado wanabishana. Hata hivyo jina hili linatuambia la kufanya: kijiji kizima kimeze ivamektini, na majani ya bwawani yafyekwe.

Sasa, mwenye kulikataa neno kifafa ni mama mwenyewe. "Mwalimu, ukiandika hivyo nani atamwoa? Nani atakula naye?" Watu wanaamini povu linaambukiza. Sikuwa na jibu la haraka, maana hata mimi Kakuma nilimkimbia mwenzangu aliyeanguka penye foleni ya maji.

Nionavyo mimi, kwenye daftari la zahanati kianze kuandikwa kifafa, kwa kuwa kifafa kina vidonge, tena vya bei nafuu. Haviponyi kabisa, lakini vinamweka mtoto mbali na moto. Pembeni iandikwe kama anatikisa kichwa na kama kwao kuna usubi, watafiti wapate chao. Nanyi mnaovuka na mizigo kwenda Koboko au Aru, mkiwa na mtoto wa namna hii, karatasi ya huko isibaki huko. La povu ni juu yetu walimu.

Binti sasa anakaa dawati la mbele na kunywa uji karibu na meza yangu. Vidonge vya mwezi huu vililetwa na muuza vitenge mmoja kutoka Koboko. Vya mwezi ujao bado tunatafuta mtu anayevuka.