Habari za Filbert Bayi, Mkimbiaji Aliyekuwa Mlezi wa Vijana



Mtu apitaye alfajiri katika njia za pembeni mwa Mlima Meru hukutana na vijana wakikimbia, makundi kwa makundi. Wazazi wengine huwatazama kwa fahari, wengine hunung'unika wakisema, "Miguu hii itamlisha mpaka lini?" Swali hilo si la upuzi. Mwezi huu twataka kulijibu kwa habari za mtu wa mkoa wetu, Filbert Bayi.

Alizaliwa Karatu mwaka 1953, katika njia iendayo Ngorongoro. Mwaka 1972 alikwenda Munich kwenye michezo ya Olimpiki, akatolewa mapema katika mbio zote mbili alizokimbia. Hakukata tamaa. Mwaka uliofuata, huko Lagos, alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mbio za mita 1500.

Tarehe 2 Februari 1974 alisimama Christchurch, New Zealand, pamoja na John Walker, mwenyeji wa nchi ile. Desturi ya wengi katika mbio hizo ni kujificha nyuma ya wenzao, wakingoja mzunguko wa mwisho. Bayi hakufanya hivyo. Alishika mbele tangu mwanzo, asiachie mpaka mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Walker alifika nyuma yake kwa sehemu tatu tu za kumi za sekunde.

Mwezi Mei 1975, huko Kingston, Jamaika, alitwaa na rekodi ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Lakini Agosti ya mwaka ule ule Walker aliivunja. Angalieni basi: sifa ya dunia nzima, iliyopatikana kwa taabu ya miaka, ilikaa mkononi mwake miezi isiyotimia mitatu.

Watu wakangoja kuwaona wawili hao Montreal mwaka 1976. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, ambako serikali ya siku zile iliwabagua na kuwaonea watu weusi. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zikajitoa katika Olimpiki ile. Walker alishinda mita 1500, Bayi hakuwako. Hatusemi kwamba angalishinda. Twasema tu kwamba kijana wa miaka 23 alikosa nafasi hiyo kwa ajili ya haki ya wengine, na nafasi ya namna hiyo ni kama maji yaliyomwagika, hayazoleki.

Miaka minne baadaye, huko Moscow, alipata nishani ya fedha katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui alipata nyingine kama hiyo katika mita 5000. Mpaka michezo ya Paris ya 2024, Tanzania haikuwa imepata nishani nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili.

Hata miguu ilipochoka, Bayi hakukaa kusimulia ushindi wake tu. Yeye na mkewe walianzisha shule, nazo zipo hata Kibaha, ambamo watoto husoma na kufundishwa michezo pia. Tena kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania, akishughulikia safari za wakimbiaji waliomfuata.

Tarehe 15 Septemba 2025 Alphonce Simbu, afanyaye mazoezi hapa Arusha, alishinda marathoni ya dunia huko Tokyo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Wakatengwa kwa kufumba na kufumbua tu. Vijana wetu wengi watatamani kumfuata, nasi twafurahi.

Basi, wazazi, mwacheni kijana akimbie. Lakini arudipo mazoezini, akute daftari lake mezani. Umri wa miguu ni mfupi, na rekodi huvunjwa na wengine. Alichojifunza mtu, na alichowafundisha wenziwe, hakuna ajaye nyuma awezaye kumpokonya.

Kwaherini mpaka mwezi ujao.