Bustani ya Forodhani itunzwe kwa kufuata majira

Mhariri,

Naomba nafasi nitetee hoja moja: Bustani ya Forodhani, Unguja, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati mkubwa, ihudumiwe kwa kufuata majira, si kwa kungojea sherehe. Bahari iko hatua chache tu, na upepo hubeba chumvi inayotua kwenye majani. Tazama mche uliokosa mvua: kingo za jani zimekauka na kuwa kahawia, ilhali katikati bado ni kijani. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huosha chumvi hiyo na kulainisha udongo. Basi miche ipandwe masika yanapoanza, ishike mizizi kabla ya kusi kukaza, na majani makavu yatandazwe mashinani kabla ya jua la Januari. Nyasi nazo zipumzishwe kwa zamu wakati wa mvua.

Wapo watakaosema pwani haina baridi, hivyo mti hupandwa wakati wowote mradi kuna maji ya bomba. Kweli, baridi haiui mti hapa; kiu na chumvi ndivyo vinavyoua, na kumwagilia kiangazi kizima hutumia maji ambayo mitaa inayahitaji. Wengine watahofia biashara ya wauza urojo na mishikaki wa bustanini. Lakini kufunga kipande kimoja cha nyasi hakuondoi meza zao. Nyasi zikifa, wateja wao ndio watakaokosa pa kukaa. Wahusika waandike kalenda ya mwaka ya bustani, waibandike hadharani, nasi wananchi tuiheshimu.

Msomaji,
Unguja