Hayo madoa hayatoki, ufizi ndio unaondoka

Wewe uliyekulia Ukambani na sasa uko Nairobi, unajua ile tabia ya kucheka mkono ukiwa mdomoni. Meno yana madoa ya kahawia na watu wa mjini wanadhani hupigi mswaki. Basi unatafuta mswaki mgumu kuliko yote dukani, unaongeza unga wa mkaa uliouona TikTok, kisha unasugua meno kama sufuria ya ugali.

Acha. Hayo madoa si uchafu. Yanatokana na floraidi iliyozidi kwenye maji uliyokunywa utotoni, meno yako yakiwa bado yanaumbika ndani ya taya. Ukishuka kutoka milima ya Kilungu kuelekea nyanda za Makueni na Kitui, watu wengi hutegemea visima, na baadhi yake vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Doa limo ndani ya jino lenyewe. Hata usugue hadi Krismasi, litabaki palepale.

Ufizi hautabaki. Ukisuguliwa kwa nguvu kila siku unarudi nyuma, na ukisharudi haumei tena. Mzizi unabaki wazi, chai ya moto inakuwa adhabu, na jino linaonekana refu. (Mswaki si mkosaji pekee. Ukoga ulioganda nao hula ufizi, kwa hivyo ukiona damu usijitibu kwa kubahatisha.)

Ndiyo, kuna upasuaji wa kupandikiza ufizi. Daktari anakudunga ganzi, anakata kipande chembamba cha nyama, mara nyingi kutoka kwenye kaakaa, kisha anakishona juu ya mzizi ulio wazi. Unakuwa na vidonda viwili mdomoni: kilichokatwa na kilichoshonwa. Utakula vyakula laini siku kadhaa na hutapiga mswaki hapo mpaka daktari aruhusu. Sigara huchelewesha kupona. Kama mfupa kati ya meno umeliwa, mzizi huenda usifunikwe wote. Na ukirudia kusugua kwa nguvu, ufizi unaweza kurudi nyuma tena, na doh yako imeenda.

Sipingi upasuaji huo; kuna wanaouhitaji kweli. Ila wengi wetu tungeukwepa kwa mswaki laini ulioshikwa kama kalamu. Madoa nayo yapeleke kwa daktari wa meno, kwa sababu kuna njia za kuyapunguza au kuyafunika bila kugusa ufizi. Ukiwa nyumbani Kilungu, anza kwa kuulizia hospitali ya Nunguni au ya Wote kabla ya kupanda matatu kurudi Nairobi.

Kaunti nazo zina deni kwetu. Kila kisima kipimwe floraidi, na matokeo yabandikwe pale pale watu wanapochotea maji. Mama anayejaza mtungi wa mtoto wa miaka miwili ana haki ya kuyasoma kabla meno ya kudumu ya mtoto huyo hayajaota.